Ufukwe Uliozama: Miaka Yangu ya Kupiga Picha Loch Katrine

(Hotuba niliyoitoa Kigoma mbele ya vijana wapiga picha na wazazi wao. Nimeiandika upya kidogo ili isomeke.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama na dada zangu mlioacha shughuli za jioni mkaja kutusikiliza, ahsanteni sana. Vijana wenzangu wa kamera, na nyinyi wa simu mnaodhani hamhesabiki: mnahesabika. Nimeziona picha zenu ukutani hapo nje, na kabla sijamaliza nitazirudia.

Kamati imeniomba nizungumzie picha za mandhari na za safari kule Uskoti ninakoishi. Uskoti ina maziwa kwa maelfu. Lipo Loch Lomond, pana kuliko yote. Lipo Loch Ness ambalo kila mtu amelisikia kwa habari za dude lake, na ndilo lenye maji mengi zaidi. Lipo Loch Morar lenye kina cha mita 310. Mimi nimekuja na ziwa moja tu, Loch Katrine, kwa sababu ndilo nililolirudia kila msimu kwa miaka tisa, na kwa sababu lilinibadilisha namna ya kushika kamera.

Neno "loch" ni la Kigaeli, lugha ya asili ya milima ile. Wenyewe hulitumia kwa ziwa la maji baridi na pia kwa ghuba ya bahari inayochimba ndani ya nchi kavu. Loch Katrine ni la maji baridi. Lina urefu wa kilomita 13, upana wa kilomita moja na ushei, na kina cha mita 151. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, tunaweza kuliona dogo. Nililiona hivyo siku ya kwanza. Nikapiga picha, nikaondoka mapema, na hakuna hata moja ya siku ile niliyoitunza.

Naomba picha ya kwanza. Hapo mlipo mnaangalia magharibi kutoka juu ya kilima kiitwacho Ben A'an, mita 454. Kupanda kwake ni kama saa moja kwa mtu mwenye magoti mazima. Ziwa limelala chini yenu, milima imelibana pande mbili, na jua linazama kule mwisho. Pigeni hesabu ya mwanga huo. Hapa Kigoma jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na huzama karibu na saa moja jioni, na Januari haitofautiani sana na Julai. Likishagusa milima ya Kongo, una dakika chache za kukimbizana nalo, kisha giza. Loch Katrine liko nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku. Tena halizami kwa kudondoka kama hapa, linateleza kwa mshazari, na weupe wa machweo unabaki angani muda mrefu baada ya lenyewe kupotea. Ukija Desemba, linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo alasiri limekwisha zama. Adhuhuri ya Desemba jua liko nyuzi kumi tu juu ya upeo. Maana yake ni kwamba ule mwanga wa ubavuni, wa dhahabu, unaochora kila jiwe na kila mkunjo wa kilima, ambao hapa tunaugombania kwa robo saa, kule ndio mwanga wa mchana kutwa. Endapo mawingu yataruhusu. Eneo lile hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mara nyingi hayaruhusu.

Mvua ile ndiyo iliyonifundisha kukaa. Nilikuwa nimezoea kuifuata picha, nikaanza kuingojea. Nilipata mahali pangu karibu na gati la mashariki, jiwe moja bapa, nikawa nakaa hapo saa tatu, saa nne, tripodi imefunguliwa, lenzi imefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Mawingu yakipasuka kwa dakika mbili, kilima kimoja kinawaka na vingine vyote vinabaki kijivu. Ukiwa njiani kwenye gari huipati hiyo. Lazima uwe umeshalowa.

Wengi huniuliza juu ya zile picha ambazo maji yamekuwa kioo, milima imesimama juu chini. Siri ya kwanza ni maji yenyewe. Vijito vinavyolilisha ziwa hupita kwenye mboji, na huteremka vikiwa na rangi ya chai ya rangi. Maji meusi hayaonyeshi chini, kwa hiyo jicho linakutana na mbingu tu. Siri ya pili ni kuwahi kabla upepo haujaamka. Kumbukeni pia kwamba taswira iliyo majini ni nyeusi kuliko kitu chenyewe kilicho juu. Ukiona picha ambayo maji yanang'aa kuliko anga, aliyeitengeneza amezidisha mkono kwenye kompyuta. Na kile kichujio cha polaraizi mnachopenda kukifunga kwenye lenzi, kizungusheni taratibu mkiwa mnaangalia, maana kinachoondoa mng'ao ndicho kinachofuta kioo.

Halafu kuna usubi. Wavuvi mnaujua usubi, lakini ule wa Uskoti una hasira yake. Huanza kuuma mwishoni mwa Mei na huendelea mpaka Septemba, alfajiri na jioni, wakati hakuna upepo. Upepo ukifika kama kilomita 11 kwa saa hauwezi kuruka. Kwa hiyo ule utulivu unaokupa kioo ndio unaokuletea mawingu ya usubi usoni, masikioni, ndani ya mikono ya shati. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza alfajiri nzuri tatu kwa sababu sikuwa na chandarua cha kichwa. Siku hizi naenda zaidi Oktoba. Usubi umekwisha, kangaga za milimani zimekuwa rangi ya kutu, maji bado yana joto la kiangazi na hewa ya usiku imeshapoa, basi asubuhi ukungu unapanda juu ya ziwa kama mvuke wa sufuria.

Sasa naomba ile picha ya kahawia. Ndiyo, hiyo.

Hii sikuipiga mimi. Ilipigwa Oktoba 1844 na Mwingereza aitwaye William Henry Fox Talbot, mmoja wa watu walioanzisha fani yetu. Ndiye aliyevumbua njia ya kupata negativu kwenye karatasi iliyopakwa madini ya fedha, ili kutoka negativu moja mtu atoe nakala nyingi. Alikwenda Uskoti akifuata mahali palipoandikwa na mshairi wa Uskoti Walter Scott, ambaye utenzi wake wa mwaka 1810 juu ya Loch Katrine ulikuwa umewafanya watu wamiminike huko kutoka kila upande. Mwaka 1845 Talbot alitoa kitabu chenye picha 23, kila moja imebandikwa kwa mkono. Kadhaa ni za Loch Katrine. Mojawapo ni ya gati. Nyingine, hii mnayoiona, ni ya kibanda cha wenyeji kando ya ziwa.

Ukiangalia haraka ni kibanda tu, kuta nene na paa linalokaribia kugusa ardhi. Mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza maktabani nilikaa nayo mpaka walipokuja kuniambia wanafunga. Nilikuwa na picha zangu za ziwa lile zaidi ya elfu mbili kwenye kompyuta, na katika elfu mbili zile hapakuwa na nyumba hata moja ya mtu.

Nilichapa nakala nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda kutafuta alikosimama Talbot. Kuna barabara ya kaskazini mwa ziwa, kilomita 21 kutoka gati la mashariki mpaka Stronachlachar, isiyoruhusu magari ya watu binafsi, kwa hiyo unatembea au unakodi baiskeli. Nilitembea siku tatu. Nililinganisha mistari ya vilima na ile ya kwenye karatasi. Vilima vilikubali. Ufukwe ulikataa. Kila nilipodhani nimepapata, mahali pa kusimama palikuwa ndani ya maji.

Nikaja kuelewa sababu. Talbot aliliona ziwa likiwa chini kuliko lilivyo leo. Glasgow katika karne ya 19 ilikuwa ikijaa watu wa viwandani, wakinywa maji machafu ya mto Clyde na ya visima. Kipindupindu kilipiga mwaka 1832, kikarudi 1848 na 1849, kikarudi tena 1853 na 1854, na kikaua maelfu. Halmashauri ya jiji ikaamua kuyafuata maji milimani. Walijenga ukingo kwenye mdomo wa Loch Katrine, wakapandisha maji, wakatoboa milima na kujenga mfereji wa takriban kilomita 42. Maji yanateremka kwa uzito wake mwenyewe bila pampu. Malkia Victoria alikuja kuufungua mwezi Oktoba 1859. Baadaye ziwa likapandishwa tena, na mfereji wa pili ukaongezwa. Ule ufukwe wa kokoto nyeupe ambao Scott aliusifu kwenye utenzi wake, watalii wakawa wanakuja kuutazama, umezama.

Maji ninayochemshia chai nyumbani kwangu Glasgow yanatoka hapo. Nilikuwa nikiyanywa asubuhi, napanda gari, naenda kuyapiga picha na kuita ziwa la porini lisiloguswa na binadamu. Niliandika hivyo hasa chini ya picha zangu. Nilikuwa nadanganya bila kujua. Na picha zenyewe nilikuwa nimezipanga zidanganye: nilisogeza kamera ili nyumba ya kuingizia maji isionekane, nikakata gati, nikangoja watembea kwa miguu wapite. Kampuni moja inayouza picha, sitaitaja, iliwahi kunirudishia picha ikitaka nifute boti na bomba la chuma vilivyokuwa pembeni. Nilivifuta. Waliinunua. Picha hiyo bado inazunguka na inaniuma.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndiyo sababu ya mimi kupanda treni mpaka Kigoma.

Milima ile mnayoiona mitupu si kwamba haikuwa na watu. Kichwa cha ziwa, bonde la Glengyle, ndiko alikozaliwa Rob Roy MacGregor, shujaa mashuhuri wa hadithi za Waskoti, mwaka 1671. Ukoo wake ulikuwa umepigwa marufuku hata kutumia jina lake. Amri ilitolewa mwaka 1603 na mfalme, ikaondolewa, ikarudishwa, na haikufutwa kabisa mpaka 1774. Katika karne ya 18 na ya 19, sehemu nyingi za milima ya Uskoti, wenye ardhi waliwaondoa wapangaji wao na kuweka kondoo. Wengine walikwenda viwandani Glasgow, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada. Kigaeli kikanyamaza bonde kwa bonde. Huo utupu ambao mgeni anausifia kwa kusema "jamani, amani iliyoje", una historia. Hata miti inayorudi leo kwenye miteremko ya Katrine imerudi baada ya kondoo kuondolewa ili maji ya jiji yasichafuke.

Kuna picha yangu moja nitawaonyesha. Hii hapa. Ni makaburi ya ukoo wa MacGregor, Portnellan. Maji yalipopandishwa, makaburi yalikuwa hatarini kufikiwa, kwa hiyo pakajengwa njia iliyoinuliwa kuyafikia. Niliipiga Novemba, hakuna jua, saa nane mchana, sikuweka kichujio chochote. Maji pande zote, mawe yao yako katikati. Haijawahi kununuliwa. Kati ya picha zote nilizopiga Uskoti, ndiyo niliyoitundika sebuleni.

Nikasema nisiwachoshe na huzuni peke yake, kwa hiyo tazameni na hii meli. Watu wa Kigoma mtaifurahia kuliko wote. Inaitwa Sir Walter Scott, ni ya mvuke, na imekuwa ikitembea Loch Katrine tangu mwaka 1900. Iliundwa Dumbarton, pwani ya mto Clyde. Loch Katrine haliunganiki na bahari kwa njia ya meli, basi ilifikaje huko? Waliifungua vipande vipande, wakavisafirisha kwa matishari juu ya Loch Lomond mpaka Inversnaid, kisha mikokoteni ya farasi ikavivusha mlima mpaka Stronachlachar, na huko ikaunganishwa upya. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu nilikuwa naisoma Liemba! Liemba yetu iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja kwa masanduku mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Babu yangu alibeba mizigo kwenye gati lile. Nilipokuwa mdogo niliichora Liemba kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni nikachapwa.

Baada ya hapo nikawa siwezi tena kuikata meli kwenye fremu. Nikawa naingojea. Moshi wake mweupe ukipita mbele ya kilima cha Ben Venue, ambacho kina mita 729, unapata kipimo. Mtazamaji anajua mlima ni mkubwa kiasi gani kwa sababu anaiona meli, na anaijua meli kwa sababu anawaona watu wameegemea ukingo. Picha ikaniwia bora hata kwa ufundi. Sikutegemea.

Sasa nirudi kwenye ukuta wa hapo nje. Nimeona picha nyingi nzuri za ziwa letu. Machweo yapo, mitumbwi myeusi mbele ya jua ipo. Hifadhi ya Gombe ipo, na aliyempiga yule sokwe mama akiwa na mwanawe ana subira kubwa, nampa heko. Lakini nimetafuta Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Gombe upande wa kaskazini, sikukiona. Nimetafuta Mtanga upande wa kusini, sikuiona. Mtu akitazama ukuta ule atadhani ukitoka mjini hapa ni msitu mtupu mpaka Burundi. Wageni wanatupiga picha hivyo miaka yote, kwa hiyo nasi tumejifunza kujipiga hivyo. Mimi nilijifunza hivyo hapa hapa, kwa kalenda za ofisini, nikabeba jicho hilo mpaka Uskoti na kuwafanyia Waskoti vilevile.

Na liko jambo lingine. Miaka ya karibuni ziwa limepanda. Mmeona wenyewe ukingo ulivyosogea, mmeona habari za Gatumba kule Burundi, nyumba ndani ya maji. Nauliza: nani kati yetu ana picha ya mwalo wake jinsi ulivyokuwa kabla? Picha ya mwalo wenyewe: pale mitumbwi ilipovutwa, vichanja vya kuanikia dagaa, mti ambao wanawake walikaa chini yake wakingoja, machweo yasiwe na kazi yoyote humo. Talbot alikuwa na chombo kilichotaka dakika nzima za kuduwaa mbele ya kibanda ili kipate picha moja hafifu. Sisi tuna simu mfukoni. Kibanda chake kimebaki. Wakazi wake hatuwajui majina, na hilo ndilo ninalomlaumu nalo.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi. Kila mmoja achague mahali pamoja, asimame kwenye jiwe lile lile au kando ya mti ule ule, mara moja kwa mwezi. Asikate kitu. Nguzo ya umeme ikiwepo, iwepo. Aandike tarehe, aandike jina la mahali kwa Kiha kama analo, na watu wakiwemo waulizwe kwanza na majina yao yaandikwe wakikubali. Wanaovua dagaa wanaujua mwanga kuliko sisi, wao hupanga mwezi mzima kwa kuangalia mbalamwezi. Kaeni nao, waulizeni ni usiku gani taa zao zinaonekana vizuri kutoka kilimani.

Maswali nitayapokea huko nje, maana najua mama wa chai wanatungoja. Kwa wanaotaka kuanza, mimi kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaporudi. Nitakuwa na tripodi mbili, moja ni ya kuazimana. Asiye na kamera aje na simu iliyochajiwa. Njooni na daftari.